Kufunga Kiungo cha Tela, na Habari za Bolti Isiyotaka Kuingia

Leo twataka kuzungumza habari za chuma kilicho nyuma ya motakaa, ambacho watu wengi hawakitazami ila siku kinapokatika. Chuma hicho ni kiungo cha tela, yaani kile kinachofungwa chini ya mkia wa motakaa ili iweze kukokota gari jingine lisilo na injini. Zamani matela yalionekana katika mashamba makubwa tu. Siku hizi wako wakulima wachukuao mahindi na majani ya ng'ombe kwa tela, wako wauza maji wenye mapipa, wako wajenzi wenye mchanga na matofali. Na wengi wao hukifunga kiungo wao wenyewe, au kwa msaada wa fundi wa kijijini chini ya mwembe.

Kiungo chenyewe si kigumu kukielewa. Kuna mhimili wa chuma unaokaa upande wa nyuma, na mikono miwili iliyotobolewa matundu, ambayo hufungwa kwa bolti katika chasisi, yaani mifupa ya motakaa. Juu ya mhimili husimama tufe la chuma. Tela nalo lina mkono wa mbele, na mwisho wa mkono huo kuna kikombe kinachofunika tufe lile na kufungwa kwa komeo. Motakaa ikienda, nguvu zote za kuvuta hupita kutoka tufe hadi mhimili, kutoka mhimili hadi bolti, na kutoka bolti hadi chasisi. Basi mzigo wa tani nzima waweza kutegemea bolti nne au sita tu, ambazo kila moja haizidi unene wa kidole cha mwisho cha mkono.

Jambo tunalotaka kulieleza leo ni hili. Bolti isiyoingia kabisa haina hatari, kwa maana kazi husimama na mtu hana budi kutafuta nyingine. Bolti ya kuogopwa ni ile inayokaribia kufaa. Huingia kwa shida kidogo, hukazwa kwa nguvu, huonekana imara, na mwenye motakaa huondoka na furaha.

Mwaka mmoja wakati wa mavuno tuliitwa kutazama tela lililoachana na pikapu katika njia iteremkayo mtoni, si mbali na chuo chetu. Lilikuwa limejaa matofali. Liliteremka peke yake, likavunja ukuta wa ghala, likaua mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa hapo. Ilikuwa saa nane mchana. Laiti ingalikuwa saa kumi, njia ile ile ingalijaa watoto watokao shuleni. Mwenye motakaa alistaajabu sana, akasema bolti zilikuwa mpya na nene, naye alizinunua mwenyewe. Tukazitazama. Bolti nne ndizo zilizofungwa. Moja haikuonekana tena. Mbili zilikuwa zimechomoka nzima, na ubavu wao ulikuwa unang'aa kama fedha, kwa jinsi zilivyosuguliwa siku nyingi ndani ya matundu. Ya nne ilikuwa imekatika, na mahali ilipokatika palikuwa na sura mbili: upande mmoja laini, wenye mistari myembamba kama alama za maji yanapopungua pwani, na upande wa pili wenye chembechembe kama sukari. Mafundi wa vyuma waijua sana sura hiyo. Ule upande laini ni ufa uliokua polepole kwa siku nyingi. Ule wa chembechembe ni sehemu iliyobaki, ambayo ilikatika mara moja siku ile. Yaani bolti ile haikukatika siku ya ajali. Ilianza kukatika tangu wiki nyingi nyuma, na hakuna aliyejua.

Ili tufahamu sababu, yatupasa kwanza tujue bolti hushika namna gani. Watu wengi hudhani bolti hufanya kazi kama msumari au kigingi: imesimama ndani ya tundu, na chuma kikitaka kuteleza, bolti hukizuia kwa ubavu wake. La, sivyo. Bolti iliyokazwa vizuri ni kama mpira ulionyoshwa. Nati inapokazwa, bolti huvutika na kurefuka kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho, nayo hutaka kurudi urefu wake wa kwanza kama ufanyavyo mpira. Kwa kutaka kurudi, huvibana vipande viwili vya chuma pamoja. Bolti ya milimita 12 ya chuma kizuri, ikikazwa kama ipasavyo, hubana kwa nguvu zipatazo karibu tani 3. Chuma kilichobanwa hivyo hakitelezi, na kwa kuwa hakitelezi, ubavu wa bolti haugongwi kamwe.

Lakini ikiwa bolti imelegea, hata kidogo, mambo hubadilika. Kila shimo la barabarani hulisukuma tela mbele na kulirudisha nyuma, na kila mara bolti hugongwa na kupindwa kidogo, huku na huku. Mwanafunzi na achukue kipande cha waya wa seng'enge akipinde mara ishirini mahali pamoja: kitakatika, ingawa asingeweza kukikata kwa kukivuta. Chuma huchoka. Bolti nene iliyolegea huchoka kama waya ule, na bolti nyembamba kidogo iliyokazwa barabara huishi kuliko hiyo.

Basi swali la kujiuliza mbele ya bolti yoyote halikomei kwenye unene wake. Tujiulize kama bolti hii na nati hii zaweza kubana kweli. Na hapo twaingia katika habari ya hesi, ambazo mafundi wengi huziita meno.

Zamani kila karakana ya Uingereza ilikata hesi zake kwa namna yake, na bolti ya fundi huyu haikuingia katika nati ya fundi yule. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, aliyekuwa na karakana huko Manchester, alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, akachukua wastani wake, akatoa kanuni moja: kila unene wa bolti una idadi yake ya meno katika inchi, na pembe ya jino ni nyuzi 55. Waingereza wakaifuata. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia huko Marekani akatoa kanuni yake yenye pembe ya nyuzi 60, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kuikata na kuipima. Mataifa ya Ulaya bara nayo, yaliyokuwa yakipima kwa milimita, yalikutana Zurich mwaka 1898 wakapatana hesi za milimita. Kwa hiyo dunia ikawa na lugha tatu za bolti, na kila moja haikujali nyingine. Hasara yake ilionekana wazi katika vita vikuu vya pili, ambapo vyombo vya Waingereza na vya Wamarekani vilipiganiwa upande mmoja lakini havikuweza kuazimana nati. Hatimaye tarehe 18 Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada walitia sahihi mapatano huko Washington ya kutumia hesi moja ya inchi.

Haya si mambo ya mbali. Afrika ya Mashariki imepokea vyombo kutoka pande zote: matrekta na malori ya zamani ya Kiingereza, mashine za Kimarekani, na sasa motakaa za Kijapani ambazo ndizo nyingi zaidi barabarani, na ambazo bolti zake ni za milimita. Chombo kikifa, bolti zake hazitupwi. Hutiwa katika mkebe wa fundi. Mkebe ule una lugha zote tatu zimechanganyika, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina lake.

Tutazame mfano mmoja. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 katika inchi. Bolti ya nusu inchi ya Kimarekani ina meno 13. Kwa macho ni ndugu mapacha. Nati ya bolti hii ina kina cha kama nusu inchi, yaani meno 6 kwa moja, na meno 6 na nusu kwa nyingine. Maana yake, ukizungusha nati ya Kimarekani juu ya bolti ya Kiingereza, zamu za kwanza zitakwenda vyema. Kisha itaanza kuwa nzito, kwa sababu meno yameanza kupishana. Na ikifika mwisho yamepishana nusu jino zima. Mtu mwenye spana ndefu ataishinda. Atasikia ugumu, naye atadhani ndio kukaza. Kumbe ugumu wote ule ni wa meno kusagana, wala hakuna hata kidogo kilichokwenda kubana chuma.

Katika vipimo vingine vingi vya inchi hesi hizi mbili zina idadi moja ya meno, pembe tu ndizo mbalimbali. Hizo ni za hila zaidi, kwani nati huingia mpaka mwisho. Lakini jino la nyuzi 55 halikai sawasawa katika nafasi ya nyuzi 60, hivyo mzigo huchukuliwa na sehemu ndogo ya meno badala ya meno yote.

Hata milimita zina mtego wake. Bolti ya milimita 10 ya kawaida madukani ina nafasi ya milimita 1.5 kutoka jino hadi jino, na ile ya milimita 12 ina nafasi ya milimita 1.75. Lakini katika chasisi za motakaa nyingi za Kijapani, matundu yenye hesi hutaka nafasi ya milimita 1.25, kwa bolti ya 10 na pengine hata kwa ile ya 12. Mtu hupoteza bolti moja ya kiungo, huenda dukani, husema, "Nipe bolti ya kumi na mbili," naye hupewa bolti ya kumi na mbili. Hakudanganywa. Hakuuliza swali lote.

Namna ya kujua ni rahisi, wala haihitaji chombo cha bei. Chukua bolti unayoijua kuwa ni ya mahali pale, na ile unayoishuku. Zilaze ubavu kwa ubavu, meno ya moja yaingie katika meno ya nyingine, kisha uziinue mbele ya mwanga. Zikiwa za hesi moja, zitalala pamoja wala hutaona mwanga katikati. Zikiwa mbalimbali, zitapanda juu ya meno na mwanga utapenya. Ikiwa huna bolti ya kulinganisha, weka rula juu yake uhesabu meno katika inchi moja, au upime milimita za meno kumi ugawe kwa kumi. Na ikiwa hesi zimo ndani ya tundu la chasisi, zungusha humo kijiti cha mti laini kinachobana. Kikitoka kitakuwa na alama za meno, nawe waweza kuzihesabu. Mafundi wa mjini wana kipimo chenye majani mengi kama kisu cha kukunja, kila jani lina meno ya namna yake. Chombo hicho ni kizuri na bei yake si kubwa, na kila karakana ya shule ingefaa iwe nacho.

Tuseme sasa hesi ni sahihi, na bolti bado haitaki kuingia. Sababu ya kwanza ya kushuku ni uchafu. Nati zilizochomelewa ndani ya chasisi hukaa wazi miaka mingi zikingojea kiungo ambacho huenda kisije. Hupata kutu, tope, na ile lami inayopakwa chini ya motakaa. Safisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ungoje, usafishe tena. Ikiwa bado, fundi hutumia chombo cha kukatia hesi, kilicho kama bolti ya chuma kigumu chenye mifereji ubavuni. Hukizungusha kwa mkono nusu zamu mbele, robo zamu nyuma, ili uchafu uvunjike na kuanguka. Usiifanye bolti yenyewe kuwa chombo cha kusafishia. Bolti iliyolazimishwa kupita katika kutu hutoka na meno yaliyoumia, nawe hukabidhi mzigo wako kwa meno yale yale.

Sababu ya pili ni kuingiza upande. Bolti ikianzishwa ikiwa imeinama, jino la kwanza hupanda njia isiyo yake, na likisukumwa kwa spana hukata njia mpya na kuharibu ya zamani. Dawa yake ni ya vidole. Weka bolti mahali pake, izungushe kwanza kinyume, kama unayefungua, polepole, mpaka uisikie imeshuka kidogo kama mguu ushukao ngazi. Hapo meno yamekutana. Sasa igeuze uikaze kwa vidole vitupu, zamu tatu au nne. Ikikataa vidole, itoe. Spana haina ruhusa ya kugusa bolti ambayo haijakubali vidole.

Sababu ya tatu, matundu kutokutana. Hapa ndipo pana uharaka na maneno mengi. Bolti tatu zimeingia, ya nne yaona nusu ya tundu tu. "Mzee, hii ya nne haikubali." "Igonge, mwanangu, itakubali, mvua yaja." Sisi twasema isigongwe. Mara nyingi kosa ni kwamba zile tatu zilikwisha kukazwa. Kiungo cha tela ni kizito, nacho kikifungwa upande mmoja kwa nguvu, upande wa pili husogea. Zilegeze zote. Egemeza kiungo juu ya jeki au gogo kibebe uzito wake chenyewe, kwa maana bolti haiwezi kuingia huku imebeba kilo 30 za chuma. Tia bolti zote kwa vidole kwanza, zikiwa zalegalega. Ukiwa na chuma cha mviringo chenye ncha, kipitishe katika tundu moja ukilivute lipate kukutana na jenzake, huku mwingine akiingiza bolti katika tundu la jirani. Matundu mengi yaliyokataa hukubali kwa njia hiyo.

Yasipokubali, uliza kwa nini. Huenda mikono imegeuzwa, wa kulia umekwenda kushoto. Huenda kiungo ni cha motakaa ya namna nyingine. Na huenda chasisi yenyewe imepinda kwa ajali ya zamani ambayo muuzaji hakuitaja. Tumewahi kuona motakaa ambayo siri yake ilifichuliwa na kiungo cha tela. Kupanua tundu kwa tupa au keekee ni shauri linalokuja upesi katika kila karakana, nasi hatulipendi. Tundu lililopanuka humpunguzia kichwa cha bolti na nati mahali pa kukanyaga, na kulegea kukitokea, bolti ina uwanja wa kukimbilia. Katika chasisi lisifanywe kamwe bila neno la watengenezaji, kwa maana mifupa ya motakaa ikitobolewa ovyo hupata ufa kuanzia pale pale. Wala kiungo kisifungwe katika bampa. Bampa la motakaa nyingi ni la kupokea vishindo vidogo tu.

Kuna na shauri la kuchomelea: bolti haikai vyema, basi ichomelewe kichwa, au nati ichomelewe isilegee. Bolti ngumu ilipewa ugumu wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu kiwandani. Moto wa kuchomelea huuondoa ugumu huo, au huacha mahali pamoja pagumu kama kioo na pengine laini kama shaba. Fundi ameondoka akiamini ameongeza nguvu.

Ugumu wa bolti husomwa kichwani mwake. Bolti za milimita huandikwa tarakimu, kama 8.8. Tarakimu ya kwanza yaonyesha kwamba chuma chake huvumilia mvuto wa karibu uzito wa kilo 80, yaani mtu mzima, akining'inia juu ya uzi wa chuma wenye eneo la milimita moja tu ya mraba. Ya pili yaonyesha kwamba mpaka sehemu 8 katika 10 za mvuto huo bolti bado itarudi urefu wake wa kwanza, kama mpira wetu. Bolti iliyoandikwa 4.6 ina nusu tu ya nguvu hizo. Bolti za inchi za Kimarekani hazina tarakimu ila mistari: mistari mitatu ni bolti ngumu, sita ni ngumu zaidi, na kichwa kitupu ni chuma laini. Kwa kiungo cha tela tumia daraja ile iliyoagizwa na watengenezaji, ambayo kwa milimita mara nyingi ni 8.8 au 10.9. Kichwa kisicho na alama yoyote kirudi mkebeni.

Urefu nao huwadanganya wengi. Bolti ikiwa fupi, nati hushika kwa meno machache; yafaa angalau meno mawili yatokeze nje ya nati. Ikiwa ndefu na tundu lina mwisho, ncha yake hugonga chini kabla kichwa hakijafika: spana inakuwa ngumu kabisa, na vyuma bado vimeachana unene wa ukucha. Hali kadhalika bolti ambayo meno yake hayafiki mbali: nati hukimbia mpaka meno yanapoishia, hukwama pale kwenye ubavu laini, nasi twaambiwa imekaza. Jaribio lake ni moja. Baada ya kukaza, gonga washa kwa nyundo ndogo kutoka ubavuni, au jaribu kuizungusha kwa ncha ya bisibisi. Washa iliyobanwa haisogei hata kidogo.

Kabla ya kukaza, kwangua kutu na rangi nene mahali vyuma viwili vinapokutana. Rangi nene hubonyea polepole chini ya bolti, na kila ikibonyea, mpira wetu hurudi na kulegea. Rangi nyembamba ya kuzuia kutu haina madhara.

Kisha kaza kidogo kidogo, bolti hii, halafu ile iliyo mkabala wake, mpaka zote zifike. Kiasi gani? Kitabu cha kiungo hutaja, nacho chafaa kufuatwa kuliko sisi. Kwa mfano tu, bolti ya milimita 12 ya daraja 8.8 hutaka kama nyutoni-mita 80. Nazo ni sawa na mtu anayesukuma mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 40 kwa nguvu za kuinua kilo 20. Iko spana ya kipimo inayoonyesha kiasi hicho. Lakini tujue kwamba katika nguvu zote za mkono wetu, kama sehemu 9 katika 10 hupotea katika msuguano wa meno na wa uso wa nati. Sehemu moja tu ndiyo inayovuta bolti. Kwa hiyo meno yenye kutu hula hata ile sehemu moja, na spana husema uongo. Na meno yaliyopakwa grisi hupunguza msuguano, hata mkono ule ule ukaivuta bolti kupita kiasi. Kitabu kikisema meno makavu, yawe makavu.

Tufe na kikombe navyo vina ugomvi ule ule wa inchi na milimita. Kipimo cha Ulaya, kilichoenea nchi nyingi, ni tufe la milimita 50. Marekani watumia inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, na vilevile inchi 1 na 7/8, ambayo ni milimita 47.6. Kikombe cha inchi 2 hukaa juu ya tufe la inchi 1 na 7/8, komeo hufungwa, na tela huondoka. Ila kishindo kikubwa cha kwanza chaweza kukinyanyua kikombe kikaruka tufe. Kipimo huandikwa juu ya vyote viwili. Visomwe.

Minyororo miwili ya usalama ifungwe katika chasisi au katika matundu yake maalumu ya kiungo, si katika bolti ya tufe, kwani tufe likingoka minyororo ingekwenda nalo. Ipishanishwe chini ya mkono wa tela kama mikono ya mtu aliyebeba mtoto, ili mkono ukianguka upokewe na usichome barabara. Na mzigo usilundikwe nyuma: tela lililo zito nyuma hunyanyua mkia wa motakaa, na likipata mwendo huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Uzito unaokaa juu ya tufe una mpaka wake, nao umeandikwa katika kibati cha kiungo.

Mwisho, kazi haikwishi siku ya kufunga. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rangi na vumbi vikiwa vimekwisha bonyea, rudia kila bolti kwa spana, kisha uzitazame kila mwezi. Ili macho yaweze kusaidia mkono, chukua rangi nyeupe na kijiti, uchore mstari mmoja mwembamba unaoanzia juu ya nati, ushuke katika washa, uishie katika chuma cha kiungo. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika vipande viwili visivyotazamana, na hata mtoto apitaye nyuma ya motakaa aweza kuuona na kumwambia mwenyewe.